Mgeni wa Jikoni

Nilimfunga kwa leso ya marehemu mke wangu, kichwa tu kikiwa nje, nikamkalisha mapajani na kumpenyezea sirinji pembeni mwa mdomo. Uji wa wimbi uliingia, ukakaa humo kidogo, kisha ukarudi wote ukanitiririkia mkononi. Kasuku akageuza shingo akatazama ukuta. Hakupigana nami, na hilo ndilo lililonitia hofu. Ndege huyu aliwahi kumtoboa kidole fundi wa stima, mtu mzima akashuka ngazi akaenda zake bila kumaliza kazi. Sasa nilimshika nitakavyo, nikamgeuza nitakavyo, na kupitia leso nikasikia mfupa wa kifua chake umetokeza kama mgongo wa kisu.

"Kula basi," nilimwambia. "Wewe unataka nini?"

Hiyo ilikuwa siku ya tisa tangu akatae chakula, Julai ya mwaka juzi. Kwetu Ruiri, Julai ni baridi na upepo, na upepo wenyewe ukishaanza kupiga mabati huachi kuusikia. Nilikuwa nimejaribu kila kitu. Mahindi mabichi, mbegu za alizeti, ndizi iliyoiva mpaka ikawa nyeusi, yai la kuchemsha lililopondwa, kipande cha papai nilichokiagiza Meru mjini kwa mtu wa bodaboda ambaye bila shaka alidhani nimechanganyikiwa. Vyote niliviweka kwenye kikombe kisafi ndani ya tundu. Alidonoa mara moja au mbili, kwa heshima tu naona, kisha akarudi kwenye kijiti chake akatazama ukuta.

Mke wangu Karwirwa alikuwa ameniomba kitu kimoja tu, habari ya ndege huyu. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake wodini, naye amewekewa mpira wa hewa puani, na kila neno alilitafuta kabla ya kulitoa.

"Baba Riungu, Mugeni asikufe njaa."

Nikamwambia aache habari za kufa. Nikamwambia atamlisha mwenyewe akirudi. Lakini nikiri jambo moja, maana umri huu sina wa kumficha: nilikasirika. Nilikaa pale nikisubiri aulize na mimi nitakula nini. Hakuuliza. Siku tatu baadaye akatutoka, na mimi nikabaki na ndege na ile hasira, vyote viwili sijui pa kuviweka.

*

Mimi ndiye niliyemleta kasuku huyo nyumbani. Nilikuwa karani katika kiwanda cha kupasua mbao, kazi yangu kupima magogo na kuyaandika. Siku moja mti mkubwa uliangushwa, na ndani ya tundu lake kulikuwa na makinda matatu. Mawili yalikuwa yamekufa. La tatu lilikuwa kama kipande cha nyama chenye mdomo. Nikalitia mfuko wa koti, nikaenda nalo mpaka nyumbani, nikamkabidhi mke wangu mlangoni.

"Nimekuletea mgeni," nikamwambia.

Akacheka, akampa jina hilohilo kwa Kimeru chetu, Mugeni, akaenda naye jikoni kwa sababu ya joto la moto. Manyoya yakaota, ya kijani, na kipaji cha rangi ya chungwa. Hakutoka tena jikoni. Miaka kumi na tisa aliishi huko, na mimi nilimwona pale tu Karwirwa alipomtoa nje kumwotesha jua.

Huenda unashangaa mtu akae na ndege miaka kumi na tisa bila kumwona akila. Basi nieleze. Nilitahiriwa Desemba ya mwaka sabini na mbili. Nilipopona, mjomba aliyekuwa akinitunza aliniambia kwamba tangu siku ile jiko la mama yangu nitalitazama nikiwa nje. Kwetu ndivyo ilivyo: kijana akishatahiriwa haingii jikoni kwa mama yake wala hakai karibu na vyungu vyake. Analetewa chakula alipo. Nilishika neno hilo barabara.

Ila mila ilisema jiko la mama. Hakuna mzee hata mmoja aliyeniambia habari za jiko la mke. Hilo nililiongeza mwenyewe nilipooa, kwa ule ujinga wa kijana anayetaka kuwa mwanamume kuwashinda wanaume wote. Wenzangu waliingia jikoni kwa wake zao, wakaota moto, wakamenya viazi, wakachekwa kidogo na maisha yakaendelea. Mimi sikuingia. Mwaka wa kwanza ilikuwa maringo, mwaka wa tano ikawa tabia, na kufikia mwaka wa arobaini ilikuwa sheria ambayo hata mimi sikumbuki nani aliiandika.

Jiko letu limepakana na sebule. Katikati kuna ukuta wa mabanzi tu, nilioupigilia mwenyewe kwa mbao za kiwandani. Kila jioni saa moja Karwirwa alizunguka nje na sahani yangu, akaiweka mezani, akaniletea maji ya kunawa, akarudi kwake. Nilikula nikisoma gazeti. Nilikohoa pia, maana vumbi la mbao lilikuwa limenikaa kifuani tangu kiwandani: vikohozi viwili vifupi na kimoja kirefu cha kukwangua koo. Upande wa pili wa ukuta nilisikia sufuria, kuni zikivunjwa, na mara kwa mara kicheko chake. Kicheko chake kilikuwa kifupi, kinaanzia puani kisha kinamponyoka.

Nilidhani ana wageni. Wanawake wa jirani hawakosi cha kucheka. Siku nyingine kilinikera, nikapiga ukuta kwa kiganja.

"Mnacheka nini huko?"

Jikoni kukawa kimya. Nikageuza ukurasa.

*

Wakati wa matanga, jiko lilijaa wanawake wa kanisa, na nikaambiwa kasuku anakula vizuri. Baada ya maziko wakabaki wawili watatu, wiki moja hivi. Kisha wakasugua sufuria zote, wakazipanga, wakaniaga. Nilisimama uani nikatazama mlango ule wa jiko. Sikuwa na mtu wa kulitumia. Mke wa mwanangu, Veronicah, ana jiko lake huko chini ya shamba. Nikanunua kufuli nikafunga.

Kasuku nikamtoa kabla ya kufunga. Sikumtupa stoo, wala sikumtundika barazani. Nilimpa mahali pa heshima kuliko pote nyumbani, sebuleni, juu ya kabati la vyombo, karibu na picha ya harusi. Nilifikiri nimempandisha cheo.

Alipokataa chakula siku nne mfululizo, nilimtia kwenye katoni, nikaenda naye dukani kwa Mbaka. Mbaka ni mtu wa Embu aliyefungua duka la dawa za mifugo pale sokoni, mtu mwenye maneno yake lakini mikono yake ni mizuri kwa mnyama. Alimpima kwenye mizani ya mbegu.

"Gramu mia na hamsini," akasema. "Mzee Kaimenyi, hii imebaki manyoya tu. Mimi najua kuku. Hii sijui hata inaugua nini. Na uko na barua ya serikali ya kuweka hii ndege?"

"Niko na miaka kumi na tisa ya kuiweka."

Akanitazama, akaamua kuliacha hilo. Akafungua mdomo wa ndege, akachungulia, akapapasa tumbo, akatikisa kichwa.

"Ugonjwa siuoni. Nakupatia vitamini ya vifaranga, uchanganye na uji. Hii sirinji haina sindano, usiogope. Ikishuka mia na thelathini, hapo hata usipoteze nauli kuja kwangu." Akanifungia unga wa dawa kwenye karatasi. "Na uiweke mbali na moshi. Ndege iko na mapafu kidogo sana."

Nilirudi nyumbani nimefarijika. Moshi! Kumbe nilifanya vyema kufunga lile jiko.

Siku tano nyingine nikampa uji kwa sirinji, asubuhi, mchana na jioni. Alimeza kidogo, akatema mwingi. Binti yangu Kagwiria alinipigia kutoka Nairobi, nikamweleza. Nikasikia watoto wake nyuma yake wakigombania kitu.

"Baba, hiyo ni ndege tu," akasema kwa upole. "Usijiumize. Wewe mwenyewe unakula?"

"Nakula."

Sikuwa nakula. Veronicah aliniletea chakula kwenye hotpoti kila siku, na kila siku niliuchukua mchanganyiko ule wa mahindi na maharage nikausukuma huku na huku, nikala vijiko vitatu nikisimama dirishani, na kilichobaki nikampa mbwa kabla hajaja kuchukua chombo. Gazeti niliacha kununua. Nilikuwa naketi mezani, yeye juu ya kabati, kila mmoja na chakula chake mbele yake, na nyumba nzima ikawa haina sauti ya mtu anayetafuna. Upweke nilikuwa nimeusikia ukisemwa kanisani. Sikujua kwamba unakuwa na saa yake maalum, na kwamba wangu ungekuja saa moja jioni kila siku bila kukosa.

*

Siku ile ya tisa, uji ulipokwisha kunitiririkia mkononi, nilimfungua leso nikamrudisha kwenye tundu. Akashindwa kupanda kijiti. Akakaa chini kwenye gazeti la zamani, manyoya yamevimba, macho nusu. Nikajua kesho sitamkuta. Nikamwona Karwirwa kitandani akitafuta maneno yale machache, na mimi nimekaa pale nikinuna.

Veronicah akabisha hodi. Ilikuwa yapata saa kumi. Akaingia na hotpoti, akaiweka mezani, akarudi hatua zake mpaka mlangoni, kama afanyavyo siku zote. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawazoeani. Hakai sebuleni kwangu, hali mbele yangu, na hanielezi jambo nisilomuuliza. Mwanangu Riungu ni dereva wa lori njia ya Moyale, haonekani wiki mbili tatu, kwa hiyo maneno yetu mimi na yeye huwa ni salamu na shukrani tu.

"Mama Kananu," nikamwita kabla hajatoka. "Subiri."

Akasimama, macho chini.

"Wewe ulikuwa unaingia kule jikoni kwa Mama. Huyu alikuwa anakula nini?"

Akamtazama ndege, uso ukamlegea kwa huruma.

"Si kitu gani, Baba. Chakula yenu tu."

"Nimempa. Amekataa."

Akasokota ncha ya leso yake kidoleni. Nilimwona anataka kusema na anajizuia.

"Sema. Anakufa."

"Mambo ya jikoni ya Mama, Baba, mimi siwezi..."

"Nimekuomba mimi."

"Hakuwa anakulanga pekee yake," akasema, haraka, kana kwamba maneno yanamchoma. "Walikuwa wanakula na Mama. Sahani moja. Mama akishakuletea yako huku, anarudi anaketi, anamfungulia. Anauma kidogo, anampatia. Mama hakuwa anaweza kumeza kama Mugeni hajachukua yake."

"Kila siku?"

"Kila siku." Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi kwa kila mtu: "Angekula na nani? Si wewe ulikuwa unakula huku?"

Nadhani aliogopa amenikosea, maana aliomba ruhusa akaondoka akiwa karibu kukimbia. Nilibaki nimeshika ukingo wa meza. Miaka arobaini na mmoja nilijua kwamba mimi nakula peke yangu sebuleni, nikaona ni cheo. Haikunipita akilini hata siku moja kwamba kwa hesabu hiyohiyo kuna mtu mwingine anayekula peke yake upande wa pili wa ukuta. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye droo. Nilichukua tundu kwa mkono mmoja na hotpoti kwa mwingine, nikatoka, nikazunguka nyumba.

Mlangoni miguu ilikataa. Mtu asicheke. Nilikuwa na miaka sitini na saba, mjomba wangu alikuwa kaburini zamani, na bado nilisimama kwenye kile kizingiti nikatazama nyuma kama kuna anayeniona. Kisha nikainama nikaingia.

Kulikuwa na giza na harufu ya majivu baridi. Macho yalipozoea nikaona mafiga matatu, rafu ya vyombo, na kigoda kimoja. Nilitafuta cha pili kwa macho, kila pembe. Kilikuwa kimoja tu. Kando yake mpini wa jembe ulikuwa umepigiliwa ukutani kimo cha bega la mtu aliyeketi, na katikati ulikuwa umelainika na kung'aa kwa makucha. Nikaiteremsha sahani iliyokuwa juu ya zile zingine, ya bati jeupe lenye ukingo wa bluu. Upande mmoja rangi ilikuwa nzima. Upande wa pili ukingo wote ulikuwa umedonolewa, nukta kwa nukta, mpaka chuma cheusi kikaonekana.

Niliwasha moto vibaya. Kuni zilikuwa na unyevu, sikujua kuzipanga, nikapuliza mpaka kichwa kikaniuma, na jiko likajaa moshi ambao Mbaka angenifunga kwa ajili yake. Nikapasha chakula. Nikafungua tundu, nikamtoa Mugeni kwa mikono miwili, nikamweka kwenye mpini. Aliyumba, makucha yakapapasa, yakapata mahali pake, yakashika. Nikaketi kwenye kigoda cha Karwirwa, magoti yakinifikia kifuani, nikaweka sahani mapajani, ule upande uliodonolewa ukimwelekea yeye.

Nikala kijiko cha kwanza. Nikampa harage moja kwenye ncha ya kidole. Hakulitazama.

Nikala cha pili. Moshi ukanipanda kooni, nikakohoa: viwili vifupi na kimoja kirefu cha kukwangua.

Kasuku akainua kichwa. Manyoya yakamshuka, yakamlala mwilini. Akanitazama kwa jicho moja, akageuza, akanitazama kwa lingine. Kisha akakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Kilikuwa kikohozi changu, na ule mkwaruzo wa mwisho ambao daktari wa kiwanda alizoea kuusikiliza kwa mpira wake. Na kabla sijafunga mdomo, palepale, bila kupumzika, akacheka kicheko kifupi kinachoanzia puani kisha kinamponyoka mtu.

Nilidondosha kijiko.

Basi hicho ndicho kilichokuwa kikichekesha huko. Hakukuwa na wanawake wa jirani. Mimi nakohoa sebuleni, ndege ananiiga jikoni, mke wangu anacheka, na mimi nagonga ukuta. Jioni ngapi? Alikuwa ametengeneza njia ya kula pamoja nami, yeye na ndege wake, na mimi nilikuwa ndani ya ile shughuli kila siku bila kujua nimekaribishwa. Nililia pale, chakula kikiwa mapajani, kwa sauti, jinsi ambavyo sikulia kaburini. Nilipomaliza nikaona sahani inatikisika. Mugeni alikuwa ameinama kutoka kwenye mpini, mdomo kwenye ukingo mweusi, anachagua maharage.

Alikula saba. Na mimi nikala, nikamaliza.

*

Mugeni yuko, mzima na mwenye kiburi chake chote. Fundi wa stima hajarudi. Veronicah siku hizi huleta unga na mboga tu, ananiachia mlangoni mwa jiko, na anapogeuka namwona anauma mdomo asicheke jinsi ninavyokata vitunguu. Nimechonga kigoda cha pili. Riungu akirudi safari hukikalia, siku zingine kinakaa kitupu.

Kifua kilipona Oktoba ile. Kagwiria alinipeleka kwa daktari mjini, nikapewa dawa za miezi miwili, nikapigwa picha, na daktari akaishika picha hiyo kwenye mwanga akaniambia mapafu ni safi, sina sababu ya kukohoa tena. Nilimshukuru.

Bado nakohoa. Ni mara moja tu kwa siku, saa moja jioni, nikishajipakulia na kuketi. Viwili vifupi na kimoja kirefu. Kisha nakaa kimya, nasubiri.